Kabari Tatu na Maksai Mmoja

Sakafu ya ghorofa ya kwanza ilianguka Jumatatu asubuhi, zege likiwa bado bichi, ikaua mafundi seremala saba. Watu wa zege waliokuwa juu walivunjika mikono na mbavu, lakini walitoka hai. Waliokufa walikuwa chini. Na siku ya kumwaga zege, chini hapakutakiwa kuwa na mtu.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta Wubshet Ayalneh. Mji mzima wa Debre Birhan ulikuwa na jibu tayari: simenti iliibwa. Mhandisi wa jengo, kijana aitwaye Binyam, alikutwa na mifuko kumi na miwili ya simenti ya kampuni nyuma ya nyumba ya mama yake. Jumatatu jioni akawekwa mahabusu. Mwendesha mashtaka alilitaka faili Alhamisi kabla ya adhuhuri, maana Ijumaa ya Mateso mahakama haifunguliwi na baada ya hapo ni Fasika, Pasaka inayomaliza mfungo. Shtaka lilikuwa limeshaandikwa: kuua watu saba kwa sababu ya wizi. Kilichobaki ni sahihi ya mpelelezi.

Jumatano asubuhi Wubshet hakutia sahihi. Alimchukua Sajini Hirut wakaenda kwenye jengo. Mvua ndogo ya usiku ilikuwa imekatika na baridi ilikuwa ile ya kawaida ya mji ule, ya kuuma masikio.

"Mkubwa, tunatafuta nini?" Hirut aliuliza, akijifunga shali yake juu ya koti la polisi. "Mwizi tunaye."

"Natafuta kilichoanguka."

"Sakafu ndiyo iliyoanguka."

"Sakafu ilikuwa imekaa juu ya kitu. Hicho kitu."

Aliokota bonge la zege lililogandia kwenye nondo zilizopinda. Akaligonga kwa jiwe. Lilikuwa gumu sasa.

"Hili lilipoanguka lilikuwa na muda gani tangu limwagwe?"

"Saa mbili. Labda tatu."

"Zege la saa mbili ni uji, Hirut. Utie unga mwingi, utie kidogo, uji haujishikilii wenyewe. Unashikiliwa na sufuria. Sufuria ya hapa ni mbao na mirunda iliyosimama chini yake. Simenti ikipunguzwa utaona nyufa mwaka kesho, au jengo litakuangukia umeshahamia na vyombo vyako. Jumatatu asubuhi simenti haikuwa hata imeanza kazi."

"Kwa hiyo Binyam si mwizi."

"Ni mwizi. Ila mifuko yake haikuua mtu."

"Mwendesha mashtaka hatapenda."

"Hajawahi kupenda kitu."

Mirunda ya mikaratusi ilikuwa imelala kila upande, mingi imepasuka katikati kama miwa. Wubshet aliipita yote hiyo. Mti unaopasuka umepasuka kwa kubeba mzigo wa mwenzake. Yeye alimtaka huyo mwenzake aliyeacha mzigo kwanza. Alimkuta kwenye kona ya nyuma, karibu na stoo. Pale mirunda minne ilikuwa mizima, haina ufa. Haikuvunjika. Ilikuwa imezama kwenye ardhi, mmoja wao kiasi cha mkono hadi kiwiko.

Aliita vibarua wawili wenye sepetu. Udongo wa sehemu nyingine za kiwanja ulikuwa mgumu, sepetu inadunda. Pale konani sepetu ilizama kwa kukanyagwa mara moja. Wakachimba kidogo, na harufu ikapanda. Hirut akajifunika pua.

"Choo," alisema.

"Choo cha shimo cha nyumba zilizobomolewa. Walikifukia kwa udongo wa juu juu wakaendelea na kazi. Kiangazi kingekaa tu. Mvua za mfungo zikakiamsha."

Chini ya mrunda uliozama sana walikuta kipande cha ubao, na juu ya ubao kabari tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wubshet alizitoa kwa uangalifu akazipanga kwenye tofali. Ya chini ilikuwa nyeusi kwa tope. Ya katikati ilikuwa ya kijivu. Ya juu ilikuwa nyeupe, bado inanukia mkaratusi mbichi.

"Niambie unachokiona," alisema.

Hirut aliinama. "Hazikuchongwa siku moja."

"Enhe."

"Mrunda ulizama, wakauinua kwa kabari. Ukazama tena, wakaongeza. Ukazama mara ya tatu." Akaigeuza ile nyeupe mkononi. "Na kishoka ni kimoja. Makali yake yana pengo. Ona huu mstari uliobaki umeinuka kwenye mti. Upo kwenye zote tatu."

"Basi wapo watu waliojua kwamba kona hii inazama, tena mapema, na hawakumwambia mtu."

Nyuma ya stoo kitu kililia kwa sauti nzito. Walizunguka wakakuta maksai mwekundu, mnene, amefungwa kwenye kigingi, mbele yake nyasi kavu za kutosha harusi. Mlinzi wa kiwanja alikuwa amekaa kando yake na blanketi.

"Huyu ni wa nani?" Wubshet aliuliza.

"Wa genge la Gashe Tessema, bwana mkubwa. Wale maseremala." Mlinzi alitazama chini. "Waliobaki."

"Amefuata nini hapa?"

"Ni zawadi yao ya Fasika. Kampuni imewapa."

"Zawadi ya nini?"

"Ya kutokuwa na hatari," alisema mlinzi.

*

Meneja wa mradi, Bwana Dagmawi, alikuwa na ofisi ndani ya kontena, na ndani ya kontena mlikuwa na joto kuliko mahali pengine popote kiwanjani. Hakutoa mkono. Juma la Mateso watu hawapeani mikono, na wiki hiyo jambo hilo liliwafaa wengi. Alionyesha viti.

Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wenye mstari mwekundu ulioanzia juu kabisa, ukateremka, ukalala chini kama nyoka aliyeshiba. Pembeni ya mlango palikuwa na sanduku la bati lililopakwa rangi ya njano.

"Tunasikitika mno," Dagmawi alisema. "Na inauma zaidi kwa sababu mradi huu ndio unaosifiwa na makao makuu kwa kudhibiti hatari."

"Nieleze huko kudhibiti."

"Ni rahisi. Mtu yeyote akiona hatari anaandika kadi ya njano, au anaandikiwa, anatumbukiza kwenye sanduku. Sisi tunasoma, tunarekebisha. Mwezi wa kwanza tulipata kadi sabini na kitu. Nyingine za upuuzi. Ngazi inayumba. Mbwa wa mlinzi anauma."

"Mbwa alikuwa anauma?"

"Alikuwa anauma. Lakini makao makuu wakanipigia simu: Dagmawi, mbona mradi wako una hatari kuliko miradi yote? Nikaona nitie watu moyo. Nikatangaza mwanzoni mwa mfungo: genge ambalo eneo lake halitatolewa kadi hata moja mpaka Fasika, litapewa maksai wa kuchinja na kugawana. Unawajua watu wetu, Inspekta. Mfungo mzima hawaonji nyama. Mtu atafanya lolote kwa fungu la nyama ya kircha." Akageukia mchoro. "Tazama mstari ulivyoshuka."

"Mstari ulishuka, na sakafu ikaufuata."

Dagmawi hakucheka. Hirut aliinuka akalifungua sanduku la njano. Lilikuwa na kufuli lakini kufuli halikufungwa. Ndani mlikuwa na buibui na utando wake.

"Ulifikiri hatari zimekwisha?" Wubshet aliuliza.

"Kadi zilikwisha."

"Nimekuuliza hatari."

"Mimi napima kwa kadi. Wewe ungepima kwa nini?"

"Kwa macho."

"Macho hayaandikwi kwenye ripoti ya mwezi," alisema Dagmawi. Alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia.

"Kiwanja hiki kilikuwa na vyoo vya shimo. Nani aliambiwa avitafute?"

"Hakuna kadi iliyotaja choo."

Wubshet alifunga kitabu chake. Kilikuwa cha lazima kikazi, hakuwa ameandika kitu.

*

Mahabusu, Binyam aliletewa kigoda akakaa akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkanda alikuwa amenyang'anywa. Hakuwa amenyoa.

"Niliiba mifuko kumi na miwili," alisema kabla hajaulizwa. "Nyumba ya mama inavuja. Nimeshasema na nitasema tena. Lakini sikuua mtu."

"Najua. Niambie, mafundi seremala walifuata nini chini ya zege bichi?"

"Sijui. Nilikuwa juu. Nilisikia mtu anaita chini, kisha miti ikaanza kulia, kisha nikajikuta nimekaa kwenye nondo."

"Mara ya mwisho ulishuka kukagua mirunda lini?"

Kijana alivuta suruali yake juu.

"Binyam."

"Kabla ya mfungo. Zamani nilikuwa nashuka kila asubuhi na nyundo, nagonga mrunda mmoja mmoja. Ukilegea unausikia. Kadi zilipoanza, Bwana Dagmawi akaniambia nafanya kazi ya sanduku. Akasema, nenda kwenye tatizo, usizurure kutafuta tatizo. Sehemu ya Gashe Tessema haikuwa na kadi hata moja. Ndiyo ilikuwa sehemu bora ya jengo lote."

"Kwa hiyo hukushuka."

"Sikushuka." Akamtazama Hirut, kisha Wubshet. "Watanipa miaka mingapi?"

"Kwa watu saba? Mama yako hatakuona ukitoka," Wubshet alisema. "Ndiyo maana sijatia sahihi."

*

Gashe Tessema aliishi mtaa wa nyuma ya kanisa. Kwenye kichochoro palikuwa na turubai tatu za msiba, moja ikikaribia kugusana na nyingine. Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini, mguu umefungwa plasta, shuka zito la gabi limemfunika mpaka kidevuni. Kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa nyapara wa maseremala hodari wa mji, akiitwa Gashe kwa heshima ya umri wake, na nusu ya paa za pale zilipita mikononi mwake. Mkewe aliwasogezea viti, akaweka vikombe vya kahawa juu ya meza ndogo, akaenda kusimama mlangoni.

"Mungu akuponye, Gashe," alisema Hirut.

"Amina, mwanangu. Msinipe mikono, ni wiki yenyewe. Nimeshatoa maelezo yangu. Simenti ilikuwa nyepesi. Andikeni hivyo hivyo."

Hirut alisogeza vikombe. Akazipanga kabari tatu mezani: nyeusi, kijivu, nyeupe. Wubshet alikuwa ameshakiona kishoka kikiegemea ukuta kando ya mlango. Alikichukua, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Pengo lilikuwepo, dogo, kama jino la mtoto lililong'oka. Alikiweka kando ya kabari.

Mzee alitazama meza.

"Wajane walikuja jana," alisema. "Wote watano. Na mama wa marehemu Endalk, dada yangu, alitoka kijijini kwa miguu. Wakaniambia: bima ya kampuni inalipa fidia ikiwa kosa ni la mhandisi. Ikiwa mafundi wenyewe walificha hatari, hailipi hata senti. Wakaniambia: Gashe, wafu wetu wameshazikwa, usituzike na sisi."

"Nawaelewa," alisema Wubshet.

"Huwaelewi. Wewe una mshahara."

"Nina mshahara. Na nina kijana atakayefungwa kwa kuua watu ambao hakuwaua."

"Ni mwizi."

"Wa mifuko kumi na miwili. Wewe umejenga miaka arobaini, Gashe. Hujawahi kuondoka na msumari?"

Tessema alitoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko, kisha mguu ukamuuma akaacha.

"Misumari ndiyo iliyojenga nyumba hii," alisema.

Mkewe pale mlangoni alisema, "Nyamaza, baba."

"Nani aliyewaambia waingie chini?" Hirut aliuliza. Aliuliza taratibu, kama anayeuliza bei.

Mzee alitoa mkono ndani ya gabi akaigusa kabari nyeupe kwa ncha ya kidole.

"Hii niliichonga mimi. Ijumaa iliyopita. Ile nyeusi ni ya mvua ya kwanza. Mrunda ulikuwa umeshuka kidogo, kitu cha kidole. Endalk akasema, mjomba, tuandike kadi. Nikamwambia kadi itatutoa maksai, weka kabari. Mirunda yote hushuka kidogo. Kweli hushuka. Ilipoongezeka mvua ikashuka tena. Tukaweka ya pili. Wenzake walimtania. Wakamwita Abba Kadi, yaani Baba wa Kadi, kila akipita wanauliza leo umeandika ngapi. Akaacha kusema."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu zege lilifika katikati ya sakafu, nikausikia mti. Mtu wa kazi hii anausikia. Nilikuwa na njia mbili. Kupiga kelele, zege lisimame, Bwana Dagmawi ashuke, aone kabari, kadi iandikwe. Au kutia kabari nyingine. Fasika ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tumebakiza Juma la Mateso tu." Alivuta pumzi. "Nikawaambia vijana ingieni, chukueni nyundo, muuinue. Wakaingia saba. Mimi nilikuwa naingia wa nane. Wengine watatu walikuwa wamekwenda kuleta mbao."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Nikisema haya kwa maandishi," aliuliza Tessema, "kijana atatoka?"

"Shtaka la kuua litaanguka," Wubshet alisema.

"Na wajane?"

"Nitamwandikia mwendesha mashtaka kwamba maksai aliletwa na kampuni. Kwamba waliofundishwa kuficha wasihesabiwe kuwa ndio wafichaji. Kwamba fidia ilipwe."

"Wataisoma hiyo?"

"Nitaiandika."

Mkewe alitoka nje. Mzee aliomba karatasi. Kusoma alikuwa anajua kidogo, lakini aliona bora dole gumba. Hirut alimsogezea wino.

*

Alhamisi kabla ya adhuhuri Wubshet alilipeleka faili mwenyewe. Mwendesha mashtaka alilisoma akiwa amesimama, koti tayari limevaliwa. Alisoma vizuri, hakuruka ukurasa.

"Kazi safi," alisema. "Kwa hiyo nyapara alijua na akaficha. Na mhandisi alipaswa kushuka kukagua, hakushuka. Na tena ni mwizi."

"Na meneja?"

"Meneja aliweka sanduku. Sheria inamtaka mwajiri aweke njia ya kutoa taarifa za hatari. Ameweka. Sanduku ninalo kwenye picha."

"Aliwalipa watu wazinyamazie hatari."

"Aliwapa zawadi ya sikukuu, Inspekta. Unataka nimpeleke mtu mahakamani kwa kuwapa mafundi maksai wa Fasika?" Alifunga faili. "Bima watapata nakala yao leo. Wameshaiulizia."

Hirut alikuwa akingoja kwenye ngazi. Hakuuliza, alimtazama usoni ikatosha.

"Tungelala tu Jumatano," alisema, "hali isingekuwa mbaya zaidi."

"Ingekuwa ya uongo."

"Kwa dada yake Gashe tofauti ni ipi?"

Wubshet alishuka ngazi.

Jumapili, jogoo walipowika na mfungo ukaisha, maksai mwekundu alichinjwa kiwanjani. Bwana Dagmawi alikuwa ameagiza hivyo kabla hajaondoka kwenda kusimamia mradi mkubwa zaidi katika mji mwingine, pamoja na mpango wake wa kadi, ambao huko zawadi ni maksai wawili. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Sharti lilisema kusiwe na kadi hata moja mpaka Fasika, na sanduku lilikuwa tupu. Kwa kanuni zilizowekwa, genge la Gashe Tessema lilikuwa limeshinda.

Wanaume wa mtaa walimchuna, wakaikata nyama, wakaipanga juu ya majani kama inavyopangwa kila mwaka, kila fungu na kipande cha ini, cha mbavu, cha paja, hakuna linalozidi jingine. Genge lilikuwa la watu kumi na mmoja, basi yakapangwa mafungu kumi na moja.

Mafundi watatu waliokwenda kuleta mbao walichukua matatu. Wajane walichukua matano, kila mmoja kwenye sufuria yake, na hakuna aliyemsalimu Wubshet aliyesimama kando ya stoo. Fungu la Gashe Tessema Hirut alilipeleka mahabusu, ambako mzee alikuwa amelazwa sakafuni na plasta yake tangu Ijumaa, chumba kimoja na Binyam. Tessema alimsukumia kijana. Kijana naye hakula.

Yalibaki mawili, ya wale ambao hawakuwa na wake. Moja lilikuwa la Endalk. Mama yake alikuwa amesharudi kijijini, kwa miguu kama alivyokuja. Yalikaa juu ya majani mpaka jua lilipopanda na nzi wakaja, kisha mlinzi akamfungulia mbwa.